Mrushaji wa Nyumba ya Nyangi

Kansas, Marekani
12 Novemba 2023

Bibi, shikamoo.

Nimemwomba Evance wa steshenari pale Kiabakari akuchapie barua hii kwa herufi kubwa. Zako zinanifikia vizuri. Anazipiga picha, ananitumia kwenye simu, nami nazikuza mpaka naona mahali ulipogandamiza kalamu. Mama anasema tuache kusumbua watu, nipige tu simu yeye awe anakupa maneno kwa ishara. Nikamwambia masikio ya Bibi yamefunga tangu ile homa, na hata yangekuwa wazi, Bibi anagombeza vizuri zaidi kwa kalamu.

Uliuliza kazi yangu uwanjani ni ipi hasa. Mpira wa huku unashikwa kwa mikono na kurushwa. Tuko kumi na mmoja, na mimi ndiye mrushaji, wao wanasema kwotabeki. Kila mchezo unaanzia mkononi mwangu. Nikishapewa mpira nina kama sekunde tatu, kisha wapinzani wanafika kuniangusha. Ndani ya hizo sekunde namrushia mwenzangu aliyekimbilia mbele, au nampa aliye kando yangu, au nakimbia nao mwenyewe.

Mimi nakimbia. Hapa chuoni wananipendea hilo. Kocha ameisuka timu nzima kufuata miguu yangu. Namtazama mpinzani mmoja tu, yule wa pembeni. Akinijia, natoa mpira. Akisita, naondoka. Jumamosi iliyopita niliwapita sita, mmoja akabaki na kipande cha jezi yangu mkononi.

Mgongoni nimeandikwa NYANGI. Watu elfu nane wanaliita jina lako. Wakiniuliza kama Nyangi ni baba yangu nasema ndiyo, maana nikianza kuwaeleza kwamba bibi ndiye aliyemwoa mama yangu, hatutamaliza leo.

Mei namaliza chuo. Nataka kujaribu ligi ya wanaolipwa. Naomba baraka zako.

Mjukuu wako na mwanao,
Makongoro


Butiama
3 Desemba 2023

Makongoro, marahaba.

Barua imefika. Herufi za Evance ni kubwa kama tangazo la mnada. Mwambie mimi ni kiziwi, si kipofu.

Nimeisoma kazi yako mara tatu. Kumbe unasomeshwa kwa kukimbia watu. Hapa ulikuwaga unakimbia watu bure, hasa ukitumwa maji. Ila kuna kitu sijaelewa. Wakati unachunga, ng'ombe wa mbele akielekea shamba la watu, hukuwa unamfuata mbio. Ulikuwaga unatupa jiwe likaanguke mbele ya pua yake, kule anakokwenda, si pale alipo. Mimi nakaa mlangoni naangalia, nasema huyu mtoto ana mkono. Sasa huko wanasifia miguu. Mkono umeupeleka wapi?

Baraka nakupa. Lakini na wewe unisikie, maana nilijifunza kuandika ukubwani, darasa la watu wazima, ili siku moja niseme neno lisipotee.

Mimi nilizaa wasichana watatu, wakaolewa wakaenda. Mume akafa. Keraryo, shemeji yangu, akasimama mbele ya watu akasema nyumba ya Nyangi imefungwa, haina mtu. Ndipo nikaswaga ng'ombe zangu mpaka Mugeta nikamwoa mama yako Skolastika, kama desturi yetu inavyoruhusu mwanamke asiye na mtoto wa kiume. Padri alininyima komunyo, nikakaa benchi la nyuma, nikavumilia. Akakuzaa wewe. Wewe ndiwe mlango wa nyumba hii.

Siwezi kukuomba vitu vingi. Jaribu huo mpira mpaka mwisho. Lakini siku nikifa, jembe la kwanza la kaburi langu ulishike wewe. Sitaki lishikwe na Keraryo. Akilishika yeye, amesema kweli, na mimi nimeishi bure.

Mama yako anakusalimu. Anasema kula.

Mimi Nyangi


Kansas
2 Mei 2024

Bibi, shikamoo.

Wiki iliyopita timu za kulipwa zilichagua wachezaji wapya, kwa siku tatu. Tulikaa sebuleni kwa wale wafadhili walionileta, wamepika, wamealika majirani, simu yangu imewekwa katikati ya meza. Siku ya kwanza kimya. Siku ya pili kimya. Siku ya tatu majirani wakaanza kuaga mmoja mmoja wakinipigapiga bega. Yalisomwa majina zaidi ya mia mbili hamsini, la kwako halikuwemo.

Baada ya kufunga, simu ikalia. Timu moja ya Ohio inanikaribisha kambini Julai, bila ahadi. Tutakuwa tisini, wanabaki hamsini na watatu. Nimekubali kabla aliyepiga hajamaliza kusema.

Niliona karatasi waliyoandika juu yangu. Imesema: miguu ya ajabu, mkono mzuri, anaona nusu ya uwanja. Nilikasirika siku mbili. Siku ya tatu nikakaa na video za mechi zangu zote, nikaona ni kweli. Miaka minne nimemtazama mtu mmoja.

Na swali lako la mkono. Yule ng'ombe, Bibi, nilimtupia mbele kwa sababu hakuna aliyekuwa anakuja kunivunja mbavu.

Jembe nimelisikia. Nakuahidi. Hata niwe wapi, nitafika.

Makongoro


Butiama
16 Juni 2024

Makongoro,

Watu tisini kwa nafasi hamsini na tatu, hiyo siyo mbaya. Mwaka ule wa kugawa viwanja tulikuwa mia tatu.

Evance amebandika picha yako dukani kwake, ile umevaa kofia ya chuma. Watu wanauliza huyu ni askari wa nchi gani. Keraryo alipita akaitazama, akasema, mama yako akanipa kwa ishara, mtu mzima anavaa kama mende. Nikamjibu, mende huyu ni wa nyumba yangu.

Tumbo limekuwa linanisumbua kidogo. Usiandike kuuliza, ni uzee na ugali wa muhogo. Nimekunywa mizizi, imetulia.

Umesema unaona nusu. Basi jifunze ile nusu nyingine. Hata mimi herufi nilizijua nusu kwa mwaka mzima, nikawa nasoma majina ya watu mpaka katikati.

Nyangi


Ohio
18 Agosti 2024

Bibi, shikamoo.

Nakuandikia nikiwa nimekaa ndani ya beseni la barafu, ndiyo dawa yao ya miguu. Nimechoka namna ambayo sijawahi.

Hapa mchezo ni ule ule lakini kama lugha nyingine. Chuoni kocha alinyanyua ubao wenye picha, nikaelewa, tukacheza. Hapa maneno yanakuja masikioni ndani ya kofia, sentensi moja ndefu kama litania, nami niirudie neno kwa neno mbele ya wenzangu kumi. Nikikosea neno moja, mmoja anakwenda kulia wakati mpira unakwenda kushoto. Chuoni nilitazama mtu mmoja. Hapa natakiwa nimtazame wa kwanza, wa pili, wa tatu, wa nne, halafu nirushe kabla mwenzangu hajageuka, nikiamini kwamba atageuka. Na wapinzani wanajua kudanganya. Wanasimama kama watakuja, hawaji. Wanasimama kama watatulia, wanakuja.

Miguu yangu hapa haina maana. Kuna jamaa wa kilo mia na ishirini anakimbia kama mimi. Mara ya kwanza aliponikamata nilicheka kwa mshangao, kisha nikakosa pumzi.

Wale watano wakubwa wanaonilinda wananizunguka, na hapo katikati yao ndipo ninapotakiwa kukaa. Kocha ananirudishia video, anaonyesha kwa kalamu. Anasema, walinzi wako walikuwa wamesimama imara, mwenzako alikuwa anakaribia kuwa peke yake, na wewe umeshakimbia. Unaondoka mapema. Ananiambia kila siku, kaa, kaa hata kama unaogopa. Usiwatazame wanaokuja kukuangusha, tazama mbele.

Jana aliniita. Anasema nina nafasi ndogo sana kama mrushaji, lakini nikikubali kuwa mpokeaji, yule anayerushiwa, wanaweza kuniweka mwaka mmoja nijifunze. Warushaji wengi wenye miguu kama yangu wamegeuzwa hivyo. Nimeomba siku mbili. Nimekuwa mrushaji tangu nifike nchi hii, sijui kitu kingine. Nifanye nini, Bibi?

Makongoro


Kitaji, Musoma
8 Septemba 2024

Makongoro,

Usishangae kuona nimeandika kutoka mjini. Dorah, mdogo wa mama yako, amejifungua mtoto wa kike, nimekuja kumwona mtoto. Nitakaakaa hapa. Kitaji kuna upepo mzuri wa ziwa na Dorah ana kitanda kizuri. Mama yako yuko na mimi. Ng'ombe tumemwachia jirani yetu Baltazari.

Barua yako ilichelewa kunifikia kwa sababu ya safari, kwa hiyo labda umeshaamua. Mimi nasema hivi. Sijui tofauti ya mrushaji na mpokeaji. Lakini maneno ya huyo kocha nimeyapenda, nimeyasoma kwa sauti, Dorah akafikiri nasali. Kaa hata kama unaogopa. Ni kweli. Mimi nilikaa kwenye ile nyumba Keraryo akinitukana mlangoni. Ningekimbia, wewe usingekuwepo.

Basi kaa. Usitazame nyuma, usitazame huku kwetu. Huku hakuna kitu.

Niandikie umefikia wapi. Mtoto wa Dorah ana sauti kubwa, wanasema, mimi namwona tu mdomo.

Nyangi


Ohio
6 Oktoba 2024

Bibi, shikamoo.

Hongera kwa Mama mdogo Dorah.

Nimebaki kwenye timu. Niko mrushaji wa tatu, kwa hiyo uwanjani siingii, navaa jezi na kusimama pembeni nikishika karatasi. Mwambie Evance asihangaike kunitafuta kwenye video, kamera hazitufikii sisi wa nyuma. Ule upokeaji niliukataa. Najifunza kukaa.

Mama asipige Jumapili. Ni siku ya mechi, simu zinakaa kabatini siku nzima.

Bibi, nilikuwa nawaza. Kama kuna haja yoyote, naweza kuomba ruhusa nikaja Krismasi. Mrushaji wa tatu akiondoka, pengo halionekani. Sema tu neno.

Makongoro


Kitaji, Musoma
10 Novemba 2024

Makongoro,

Nimefurahi mpaka nimekaa chini. Mama yako nimemwambia aandike kwa Evance habari ibandikwe chini ya picha: AMEBAKI. Keraryo atapita pale kila siku ya gulio.

~~Kama kuna likizo njoo hata siku mbili nikuone, ma~~

Hapo juu nimefuta, niliandika upuuzi. Krismasi usije. Ukitoka sasa, wa nne atakuwa wa tatu. Wewe mwenyewe umesema mkiwa tisini wanabaki hamsini na watatu, sasa utawapaje nafasi kwa kuja kula wali na mimi? Mechi zikiisha ndipo uje, umekamilisha.

Bado niko kwa Dorah, mtoto amenizoea. Mwandiko wangu umekuwa mbaya kwa sababu meza ya hapa ni fupi.

Nyangi


Kitaji, Musoma
22 Desemba 2024

Mwanangu Makongoro,

Ulipopiga Jumanne nilimpa Dorah simu, yeye ndiye alikuambia. Nikasikia unasema "nilikuwa uwanjani, nilikuwa uwanjani," kisha ukakata. Sasa nakuandikia, maana yeye alikuwaga anakuandikia na mimi sijui njia nyingine ya kukuambia yote.

Bibi yako alikuwa na uvimbe tumboni tangu Juni. Agosti hospitali hapa Musoma wakatuambia umeshasambaa. Wakasema twende Mwanza, akakataa. Dorah hana mtoto mchanga, mwanangu. Mtoto wa Dorah yuko darasa la tatu. Alitunga ile kwa sababu ya anwani, ili usijiulize kwa nini yuko mjini.

Mimi nilitaka kukuambia tangu siku ya kwanza. Akanishika mkono akasema, Skolastika, nani alikuoa? Nikamjibu kwa ishara, wewe. Akasema basi usinivunjie neno. Mtoto yuko katikati ya watu wanaotaka kumwangusha, ukimwita sasa atageuza shingo. Kila ulipopiga kwangu nilikuambia anaendelea vizuri. Nilikuwa nasimama barabarani ili usisikie anavyoguna kwa maumivu.

Jumamosi tarehe kumi na nne alfajiri alikata roho. Siku kumi na moja za mwisho alikuwa anakuulizia. Hakuniambia nikuite, aliuliza tu, Makongoro leo yuko mechi ya wapi. Nikawa namwandikia majina ya miji. Sijui hata kama ipo.

Jumapili nikasema neno la mume limeisha, nimvunjie tu. Nikakupigia mara tatu jioni. Haikupokelewa. Nikakumbuka ulisema Jumapili simu zinakaa kabatini, nikajilaumu nimepiga siku ya mechi. Nikakutumia ujumbe, mwanangu piga. Hospitali walikuwa wametuambia mwili unaweza kukaa hapo mpaka Ijumaa. Ungesema nakuja, tungesubiri.

Lakini Keraryo alifika na wazee. Akauliza, mwana yupo? Nikasema yuko kazini. Akauliza, anakuja lini? Nikatazama tena simu. Jumatatu tukampeleka Butiama. Nikasema mbele ya wote, jembe lisubiri, mwenye nyumba hii yuko njiani. Keraryo akacheka, hakucheka kwa sauti. Akalichukua jembe akapiga la kwanza. Mimi ni mwanamke wa kuolewa na mwanamke, nani angenisikiliza. Nilikaa chini pale pale kwenye udongo.

Tumemzika. Padri alikuja, alimfanyia yote.

Usijilaumu. Ulikuwa kazini, na yeye ndiye aliyekuficha. Alikufa akijua umebaki kwenye timu, na hiyo ilimpa raha kuliko dawa.

Mama yako,
Skolastika


Ohio
2 Januari 2025

Mama, shikamoo.

Usiniambie nisijilaumu. Nimejaribu siku kumi kuandika hii, na kila siku nimeandika uongo mwingine mzuri zaidi.

Sikuwa uwanjani. Sijawa kwenye timu yoyote tangu tarehe ishirini na saba Agosti. Asubuhi ile kijana wa ofisi alikuja mlangoni akaniambia kocha anakuita, njoo na kitabu chako cha michezo. Wakikuambia uje na kitabu, imekwisha, kila mtu kambini anajua. Nilikuwa nimekataa kugeuzwa mpokeaji. Nilimwambia kocha mimi ni mrushaji, akasema, hapana, wewe ni mkimbiaji mwenye mkono mzuri, na chuoni hilo lilitosha. Hakusema kwa ubaya. Alinipa mkono.

Barua ya Bibi ya Septemba ilinikuta nimeshapata kazi ghala moja la mizigo, napanga maboksi. Anasema kaa. Nikakaa, Mama. Ningemwandikiaje kwamba nimetolewa, na picha yangu imebandikwa dukani, na Keraryo anapita pale? Nikasema nitafanya mazoezi, timu nyingine itaita, nitamwandikia ikiwa kweli, na uongo utakuwa umejifuta. Hakuna iliyoita.

Oktoba nilipouliza kama nije Krismasi, nilikuwa naomba aseme njoo. Angesema njoo, ningekuja na kumwambia ana kwa ana. Akasema usije. Na ule mstari aliofuta, Mama, niliusoma. Niliukuza kwenye simu, wino ulikuwa mwepesi, nikasoma njoo hata siku mbili nikuone. Nikajifanya sikuuona, kwa sababu chini yake alikuwa amefurahi sana.

Sasa hili la mwisho. Jumapili ile simu haikuwa kabatini. Ilikuwa mezani mbele yangu. Niliona jina lako. Ikalia mpaka ikanyamaza. Ikalia tena. Mara ya tatu nikainyanyua, nikaishika. Nilikuwa nimewaambia Jumapili tunacheza, na nikipokea utajua sichezi. Nikawaza ni salamu tu, nitapiga kesho kutwa nikiwa na maneno. Nikaigeuza ikatazama chini. Jumatatu nikaona ujumbe wako, nikasema bado sina maneno.

Nilikuwa na nafasi ya kufika, Mama. Sikuwa na kocha wala mechi. Nilikuwa na siku mbili za mapumziko na pasi ya kusafiria kwenye droo.

Makongoro


Mugeta, Bunda
12 Januari 2025

Makongoro,

Barua yako niliisoma, nikampa kaka yangu Maige aisome nione kama nimekosea kuelewa. Aliimaliza akanirudishia, akatoka nje.

Kama unavyoona, niko Mugeta kwa wazazi wangu. Niliporudi Butiama kutoka kwa Dorah, siku ya nane baada ya kuzika, Keraryo alileta mbuzi zake akaziingiza kwenye zizi letu. Akasema sina ugomvi na wewe Skolastika, lakini aliyekuoa hayupo na mwana hayupo, kwa hiyo wewe ni mgeni. Nikafunga nguo zangu. Ng'ombe waliotolewa kwa ajili yangu wameshaliwa na harusi za kaka zangu, na mimi nimerudi kulala chumba nilichotokea nikiwa msichana. Nina miaka arobaini na mitatu.

Nataka ujue mambo mawili. Uvimbe ulikuwa unamuuma usiku na mchana, akawa anaing'ata khanga yangu asitoe sauti, kwa sababu alifikiri Dorah atakuandikia. Alikuwa anakulinda na mechi. Mechi haikuwepo. Hilo la kwanza, na kila nikilikumbuka nakuchukia kidogo, nakuambia ukweli, kwa kuwa wewe na yeye mmeniwekea uongo wenu miezi mitatu na mimi katikati nikibeba pande zote mbili, wa kwako bila kujua.

La pili ni langu. Nilimtii mume wangu miaka ishirini na minne. Siku moja tu ilitakiwa nikose utii, Agosti, nikuambie njoo, naye angenigombeza akakuona. Nikatii. Kwa hiyo kosa si lako peke yako, lakini la kwako lipo, silipunguzi.

Sijakusamehe. Watu hapa wananiambia andika umemsamehe, ni mtoto wako wa pekee. Nimewaambia nitaandika likiwa kweli.

Lakini njoo. Usiniandikie kwamba utakuja, sitaki barua tena. Wazee wa ukoo wanakaa mwisho wa mwezi wa pili kuamua nyumba ni ya nani, na mlango wa ile nyumba hauwezi kufunguliwa na mtu mwingine. Mimi nikienda peke yangu hawatanipa hata kiti.

Usipitie kwa Dorah Musoma kwanza ukaingia kijijini kwa kuvizia giza. Shuka Kiabakari mchana, siku ya gulio, watu wamejaa. Watakukimbilia. Watakuuliza umecheza mechi ngapi. Waambie hakuna. Useme hapo hapo, kabla hujaniangalia mimi, na Keraryo akiwepo aambiwe vile vile. Halafu twende Butiama kwa miguu.

Mimi nitakuwa nimesimama hapo kituoni. Sijui kama nitakushika au nitakupiga. Wewe shuka tu.

Mama yako,
Skolastika